Rangi Nyeusi Juu ya Njano

Gari lilinifikia Nachingwea ndani ya kipande cha mfuko wa salfa, kimefungwa kwa kamba ya katani na kuandikwa jina langu kwa kalamu ya bluu. Kondakta wa basi la Ruangwa aliniletea mpaka kwenye cherehani yangu sokoni, akasema, "Dada, kaka yako anasema usifungue mbele za watu." Nikafungua mbele za watu. Kaka yangu nimezoea kutomsikiliza. Kilichotoka mle kilikuwa gari dogo la chuma, gari la mashindano la milango miwili, linaenea kwenye kiganja, jeusi, limechubuka kila kona. Nikalinusa. Salfa ya mikorosho ilikuwa imefunika kila kitu, lakini kwenye ufa wa mlango ilikuwepo bado harufu ya mafuta ya maganda ya korosho. Au labda ni mimi tu, maana mafuta yale yakishakuunguza mara moja huwezi kuisahau harufu yake.

Jioni akapiga simu. Kaka yangu hapendi simu. Akipiga ujue kuna msiba au kuna mbuzi kapotea. "Limefika?" Nikasema limefika. "Basi njoo Jumamosi, njoo na rangi." Nikamuuliza rangi ya nini, mtu mzima na mvi zako. Akanieleza sababu kwa maneno machache, na mimi nikanyamaza, jambo ambalo jirani zangu wa sokoni watakuambia halitokei kila siku. Sababu yenyewe nitaisema, lakini kwanza lazima niseme nilichokifanya nikiwa na miaka minane, la sivyo haitakuwa na uzito wowote.

Tulikuwa tunakaa Ruangwa, upande wa Malolo: mama, bibi mzaa mama, kaka yangu na mimi. Baba alifariki nikiwa bado wa kubebwa. Kaka yangu alikuwa na jina la ubatizo ambalo lilitumiwa na padri na walimu tu. Nyumbani aliitwa Kijiko, kwa sababu alipokuwa mdogo alikuwa halali mpaka ashike kijiko. Alinizidi miaka mitatu. Mjomba wetu, kaka yake mama, alikuwa dereva wa watu waliokuja kupima madini ya kinywe, lile jiwe jeusi laini ambalo ukiliokota linakuachia vidole vinavyong'aa kama umeshika samaki. Watu wale walipomaliza kazi na kuondoka, mmoja wao aliacha gari lile dogo chini ya kiti, na mjomba akamletea Kijiko.

Wakati huo lilikuwa la njano, njano ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Watoto wengine pale kijijini walikuwa na magari ya makopo na ya mabua. Letu lilikuwa zito, lina usukani ndani, lina matairi ya mpira halisi yanayovulika, na milango inafunguka, ingawa wa kushoto ulikuwa unagoma mpaka uubonyeze kwa chini kwanza. Nasema letu, lakini lilikuwa lake. Yeye alikuwa dereva, mimi nilikuwa mkandarasi: nilichonga barabara kwenye uwanja wa nyuma, nikatengeneza madaraja ya vijiti, na daraja likivunjika nilisemwa. Sikuona ubaya. Ruhusa yangu kubwa ilikuwa kufungua ule mlango wa kushoto, kwa kuwa nilikuwa na kidole chembamba.

Mwaka aliomaliza darasa la nne, ikasemwa kwamba likizo ya Desemba Kijiko ataingia jando. Mambo ya jando siyajui, na hata ningeyajua nisingeyaandika. Sisi ni Wakatoliki, na parokia ilikuwa na utaratibu wake, na katekista wake na mganga wa zahanati, lakini mambo makubwa yalibaki yaleyale ya Wamwera: wavulana wanakaa kumbini, kibanda cha nyasi porini, siku ya mwisho kumbi linachomwa moto, wao wanatoka bila kugeuka nyuma, na wakifika nyumbani wana majina mapya. Jina la zamani halitamkwi tena. Ukimwita mtu jina lake la kabla ya jando umemtukana mbele ya watu.

Hayo yote niliyasikia nikiwa nimekaa chini kati ya wanawake wanaochambua korosho, nikijifanya nachambua na mimi. Bibi alisema kwa Kimwera, na alikuwa anaongea na mama, si na mimi, "Atakayerudi siye huyu. Vya utoto wake vyote vinabaki kule, vinachomwa." Mama akaitikia tu, "Ndivyo," akaendelea kutupa zilizooza.

Mtoto wa miaka minane akiambiwa vyote, anaelewa vyote. Usiku ule nilianza kuorodhesha vitu vya utoto vya Kijiko. Kaptura yake ya khaki. Manati. Mpira wa matambara. Gari. Halafu nikajifikiria mimi, ambaye nilikuwa naye tangu nizaliwe, ambaye nilikuwa kitu cha utoto wake kuliko hata hilo gari, na hapo nikaacha kuorodhesha. Niliogopa sana. Sikuogopa kuchomwa mimi mwenyewe, sikuwa mjinga kiasi hicho. Niliogopa kwamba atarudi mtu mwenye sura ya kaka yangu, aniangalie kama anavyoangalia watoto wa jirani, apite.

Kwa hiyo alipoondoka, alfajiri, na nguo yake moja na mjomba mbele yake, gari halikuwa mahali pake dirishani. Lilikuwa ndani ya chungu kilichopasuka nyuma ya choo. Nilikuwa nimeshapata mpango. Kama yeye anarudi na jina jipya na hachomwi, basi gari nalo likirudi na rangi mpya halitachomwa. Litakuwa gari jingine. Nitampa siku ya kutoka, mbele ya watu wote, zawadi ya mtu mpya, na yeye atakapolishika atajua, na akilijua gari atanijua na mimi. Mpaka leo sioni kasoro kubwa katika mpango huo, ila kwenye utekelezaji.

Rangi ilikuwa kwa fundi Abdala, fundi baiskeli, Mmakua aliyevuka Ruvuma zamani na kuoa kwetu. Alikuwa na kopo la rangi nyeusi ya kupakia fremu. Nikaenda nikamwamkia vizuri kuliko kawaida yangu.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Unataka nini?"

Nikamwonyesha gari. Akaligeuza, akalipuliza, akajaribu matairi. "Gari la nani hili?"

"Langu."

"Lako tangu lini?"

"Tangu kesho," nikasema, kwa kuwa kudanganya kabisa nilishindwa.

Hakucheka. Akaniambia rangi mpya haikai juu ya rangi ya zamani, itabanduka kama gamba. Lazima ya zamani itoke yote, mpaka kwenye chuma, ndipo nirudi. Akanipa kipande cha msasa kilichokwisha makali. Nilipiga msasa siku tatu nyuma ya choo, vidole vikaota sugu. Sehemu za wazi zilitoka. Lakini kwenye pembe, kwenye mistari ya boneti, kwenye vishikio vya milango, njano ilibaki, na mimi niliamini kabisa kwamba ikionekana hata chembe moja ya njano, watu wazima watalitambua na litaingia motoni.

Hapo ndipo nilipokumbuka mafuta ya bibi. Wasomaji wa huku kwetu wameshajua ninakokwenda. Bibi alikuwa akikaanga korosho kwenye bati lililotobolewa, na yale mafuta meusi yanayotoka kwenye maganda alikuwa anayakinga na kuyahifadhi kwenye kopo, anapaka nguzo za nyumba na za banda mchwa wasile. Kila mtoto wa kusini anajua mafuta yale yanavyofanya. Ukibangua korosho mbichi kwa meno, midomo inababuka, ngozi inatoka vipande vipande. Mimi nikajiambia: kitu kinachotoa ngozi ya mtu kitashindwa kutoa rangi?

Nililizamisha gari kwenye kopo lile siku mbili. Nilipolitoa lilikuwa la kahawia, linanata, na njano iko palepale kwenye pembe, ila sasa imekuwa chafu. Tairi moja la nyuma lilikuwa limevimba na kulainika, nikalivuta likakatika mkononi. Nikalifuta gari kwa gauni langu. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nalia, nikajifuta uso kwa mikono ileile.

Kesho yake asubuhi jicho la kushoto lilikuwa halifunguki. Shavu limevimba, vidole vimejaa malengelenge, mdomo umepinda. Mama aliniangalia mara moja tu. Bibi akaniangalia kwa muda, akaenda kwenye gunia la korosho alizotenga kwa ajili ya wageni wa siku ya kutoka, akaliinua, akarudi.

"Umekula korosho za kaka yako," akasema, safari hii kwa Kiswahili, ili nisiseme sikuelewa.

Ningeweza kusema hapana. Lakini nikisema hapana nitaulizwa basi umeshika nini, na nikisema nilichoshika, gari litatafutwa. Nikasema ndiyo.

"Mbichi?" mama akauliza.

"Ndiyo mama."

"Ngapi?"

"Nyingi," nikasema.

Nilichapwa, si sana, kwa sababu sura yenyewe ilikuwa inatia huruma, na mama akasema siku ya kutoka nitakaa nyuma ya wanawake wote, watu wasione uso ule. Jina la mwizi wa korosho lilinikaa miaka. Hata nilipoolewa, shangazi mmoja aliwaambia wakwe zangu wafiche gunia. Watu walicheka na mimi nikacheka, lakini moyoni niliona uchungu, kwa sababu sikuwahi kuiba korosho hata moja.

Nilirudi kwa fundi Abdala na jicho moja. Aliangalia mikono yangu, akaangalia gari, akanusa, akaelewa kila kitu. Alichukua mafuta ya taa na jivu, akalisugua gari yeye mwenyewe huku amevaa mifuko ya nailoni mikononi. Njano ya kwenye pembe aliichokonoa kwa ncha ya spoku. Madirisha akayapaka sabuni ya kipande rangi isishike. Kisha akaniita nisogee.

"Sasa angalia. Rangi hii ikipakwa peke yake inafifia, inakuwa kama sufuria. Ngoja ianze kukauka, isikauke yote. Ukigusa inashika kidole lakini haikifuati. Hapo."

Alikuwa na kinywe kilichosagwa kwenye kibati cha dawa ya viatu. Alikuwa anakitumia kulainishia minyororo. Akachovya kitambaa cha khanga iliyochakaa, akasugua boneti polepole, mzunguko kwa mzunguko, na ule weusi ukaanza kung'aa kwa ndani, kijivu na nyeusi pamoja. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile kikitoka kwenye mikono ya mtu. Akanipa kitambaa nimalizie paa na milango. Malengelenge yaliniuma lakini sikuacha. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, rangi ikachukua siku nne kukauka badala ya moja, na kila siku nilikwenda kuigusa chini ya tumbo la gari, mahali pasipoonekana.

Tairi hakuwa nalo. Nilikata mwenyewe kwenye kisigino cha kandambili langu la bluu, kwa wembe. Lilitoka nene kuliko mengine, na gari likawa linainama mbele kama linasujudu. Nikaona haidhuru.

Siku ya kutoka ilijaa watu. Vigelegele vilianza mbali, kisha ngoma, kisha wavulana saba wakaja wamefunikwa khanga, wakakalishwa kwenye mikeka. Walipofunuliwa walikuwa na mashati mapya, kofia, na miwani ya jua myeusi, mikubwa, iliyoazimwa kila mahali. Walikaa wameinamisha vichwa, hawacheki, hawaongei, ndivyo walivyofundishwa. Mjomba akasimama nyuma ya kaka yangu akatangaza jina lake, Chitanda, jina la babu yake mama. Akalitaja mara tatu. Mimi nililirudia kimya kimya huko nyuma nilikokalishwa, nikihofia kukosea.

Watu wakaanza kupeleka zawadi mkekani. Kitenge, jogoo, shati, kikapu cha karanga. Nikasubiri mama ageuke, nikapenya kati ya miguu ya watu, nikafika, nikaliweka gari mbele ya goti lake. Halikusimama sawa kwa ajili ya lile tairi.

Hakusogea. Hakunyoosha mkono. Nilimwangalia na jicho langu moja zima, na nilichokiona ni miwani tu, na ndani ya miwani uso wangu mwenyewe uliovimba, mara mbili. Mwanamke mmoja akasema, "Mwanaume mzima huyu, mnampa gari la kuchezea?" Watu wakacheka. Mjomba akaliokota, akaligeuzageuza. Yeye ndiye aliyelileta, na hakulitambua. Akaliweka pamoja na karanga, na mimi nikavutwa mkono nikarudishwa nyuma.

Kazi yangu ya rangi ilikuwa nzuri mno. Hicho ndicho nilichokifikiria usiku ule: nimelificha vizuri mpaka hata yeye halijui. Na hanijui.

Siku zilizofuata zilithibitisha hofu yangu. Alihamishiwa kwenye chumba cha nje cha wavulana. Hakuingia tena chumbani kwa mama. Aliniita "mdogo wangu" kwa sauti ya mgeni, akinituma maji. Barabara zangu za uwanja wa nyuma zilisombwa na mvua na hakuna aliyeniagiza nizitengeneze. Mama alisahau mara mbili akamwita Kijiko, akajifunika mdomo. Mimi sikukosea hata siku moja. Na wiki ya pili ya Januari nikamwona mtoto wa jirani amevaa kaptura ya khaki ya kaka yangu, kiraka kilekile kwenye makalio. Nikamuuliza mama. Akasema, "Nimempa. Haimtoshi tena Chitanda." Nikauliza haikuchomwa? Akaniuliza nani anachoma nguo nzima. Manati ilikuwa juu ya paa la banda. Mpira ulikuwa chini ya kitanda. Hakuna kilichochomwa isipokuwa nyasi za lile kumbi.

Gari mama alilikuta kwenye kikapu, akaniuliza ni la nani, nikasema sijui, akasema basi chukua. Nikaliweka dirishani, pale lilipokuwa linakaa zamani, likiinama.

Asubuhi moja kabla shule hazijafunguliwa nililikuta limesimama sawasawa. Lilikuwa na matairi manne mapya, yote ya kandambili, yote ya bluu iliyoiva, yamekatwa mviringo safi, yanalingana. Nikalisukuma, likaenda moja kwa moja mpaka ukutani. Nikatoka nje. Chitanda alikuwa anapita na jembe begani, anakwenda shamba na wanaume, na kwenye kisigino cha kandambili lake la kulia kulikuwa na matundu manne ya mviringo, na udongo mwekundu umejaa ndani yake. Hatukulizungumza miaka yote hiyo. Tulikua, nikahamia Nachingwea kushona, yeye akabaki Malolo na mikorosho na useremala wake, na gari likabaki kwake, kwa kuwa nilipoolewa nilimwachia.

Sasa ile sababu. Kwenye simu alisema hivi: "Kijana wangu anaingia jando mwezi huu. Na yule mdogo wake, Tumaini, ameanza kuficha vitu. Nimekuta kaptura ya kaka yake ndani ya gunia la korosho. Manati iko kwenye kiota cha kuku. Nimemuuliza, hasemi. Mimi najua ni nini. Wewe ndiye wa kumwambia."

Nikanyamaza kwa sababu hiyo. Nilidhani miaka yote hiyo ni siri yangu.

Jumamosi nilishuka Ruangwa mjini na kopo la rangi nyeusi, msasa mpya aina mbili, na glavu za mpira nilizoomba zahanati, nikapanda bodaboda mpaka Malolo. Kaka yangu alikuwa kibarazani anapiga randa mlango wa mtu. Tumaini alikuja akanipa shikamoo akiangalia chini. Ana miaka saba na ana ukaidi wa kwetu. Nikamkalisha kwenye mkeka, nikatoa gari, nikamvalisha glavu zilizomzidi, nikamwonyesha jinsi ya kushika msasa. Hakuuliza ni la nini. Alianza kwenye boneti, na baada ya muda chini ya weusi, kwenye ufa wa mlango, ikatokea chembe ya njano ambayo hata spoku ya fundi Abdala haikuifikia.

Nikamwuliza kaka yangu, bila kumgeukia, "Siku ile mkekani ulijua?"

Randa ilisimama. "Nilijua."

"Mbona hukuniangalia?"

"Nilikuangalia wewe tu," akasema. "Nilikuwa na miwani. Jicho lako limevimba, mdomo uko upande. Nilikaa pale najiuliza nani kampiga mdogo wangu, nikitoka hapa namtafuta." Akapuliza mabaki ya mbao, akaendelea na kazi yake.

Mimi si mtu wa machozi, na nilikuwa na mikono michafu, na somo la kutojifuta uso na mikono michafu nilishalipata. Niliinama tu nikashughulika na kopo la rangi, ambalo lilikuwa gumu kufunguka.

Tumaini alikuwa amesikia kila kitu. Alipiga msasa kwa muda, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Shangazi, akirudi atanijua?"

"Atakujua," nikamwambia. "Atavaa miwani, hutaona. Wewe kaa mbele."